Mzee Galma Molu na Siku Mia Tano Bila Mgonjwa

Ijumaa tarehe 30 Juni 1989, baada ya swala ya adhuhuri, Mzee Galma Molu, Mkaguzi Mkuu wa Ngozi, atastaafu kutoka Ghala la Ngozi la Kampuni ya Tulu, Isiolo, akiwa ametumikia miaka kumi na tisa, miezi miwili na siku ishirini na nne. Kamati ya Afya na Ustawi wa Wafanyakazi imeomba wasifu wake uandikwe katika taarifa hii. Imeelekeza kwamba uwe mfupi, uwe wa kufurahisha, na uonyeshe jinsi Kampuni ilivyomtunzia afya yake. Masharti mawili ya kwanza tutajitahidi kuyatimiza.

Mzee Galma alizaliwa Sericho mwaka 1934 katika familia ya wafugaji wa ngamia na ng'ombe. Aliajiriwa hapa Jumatatu tarehe 6 Aprili 1970, kazi yake ikiwa kupaka ngozi chumvi. Baada ya miaka mitatu akapewa meza ya ukaguzi, kisu kifupi na muhuri, na tangu siku hiyo hakuna ngozi iliyoingia ghalani bila kupita chini ya kiganja chake.

Kwa wasioijua kazi hii, ngozi hupangwa katika madaraja manne, na ile isiyofaa kabisa hukataliwa. Ngozi ya mnyama aliyechinjwa huwa safi upande wa nyama kwa sababu damu imetoka. Ngozi ya mnyama aliyejifia porini huwa na weusi kwenye mishipa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana haijulikani aliuawa na nini. Wengine huhitaji mwanga wa jua kuuona weusi huo. Mzee Galma hufumba macho na kupitisha kiganja. Mfanyabiashara mmoja wa Oldonyiro aliwahi kumbishia mbele ya watu wote, akisema, "Mzee, ng'ombe huyu alichinjwa na shehe mwenyewe!" Mzee Galma akaikunja ngozi, akaipiga muhuri, akamrudishia. "Basi shehe alichelewa," akasema.

Muhuri huo unahitaji maelezo. Ni wa mpira, wenye ukubwa wa kifuniko cha kopo la maziwa, na wino wake ni wa zambarau usiotoka kwa sabuni. Umeandikwa neno moja: IMEKATALIWA. Sheria ya saba ya Ghala inasema kwamba kitu chochote chenye muhuri huo kitolewe nje ya lango siku hiyo hiyo na kisirudishwe mpaka Mkaguzi Mkuu aridhike. Sheria hiyo imebandikwa langoni, na kila Meneja mpya huitia sahihi yake. Bwana Dahir, mlinzi wetu wa lango, ni mtoto na mjukuu wa askari. Yeye huitekeleza kama amri ya vita. Mwaka 1978 aliizuia baiskeli ya fundi wa mizani siku nzima kwa sababu mtu alikuwa ameujaribu muhuri huo kwenye tandiko lake.

Tuje sasa kwenye afya.

Mwaka 1981 tulipata meneja mpya, Bwana Abshir Samatar, mtu mkunjufu, msafi, mwenye viatu ving'aavyo. Mwezi wa Mei mwaka uliofuata alihudhuria semina ya siku tatu jijini Nairobi kuhusu afya ya wafanyakazi mahali pa kazi. Alirudi akiwa na faili la kijani, filimbi, na furaha ambayo haikumtoka kwa miaka miwili. Kamati ya Afya na Ustawi iliundwa wiki hiyo hiyo. Wajumbe wake walikuwa Meneja, makarani wawili wa ofisini na mhasibu, watu wanne ambao hawakuwa wamewahi kugusa ngozi mbichi.

Kamati ilianza kwa mazoezi ya viungo. Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, watu ambao wangebeba marobota ya ngozi mpaka jioni walipangwa mistari uwanjani, wakarukaruka na kunyoosha mikono juu kwa filimbi. Mzee Galma aliketi pembeni. Alipoulizwa, alijibu kwamba alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Bula Pesa, na kwamba mwili wake ukitaka zaidi ya hapo utamwambia wenyewe.

Kisha yakaja mabango. Moja lilitushauri tunywe glasi nane za maji kila siku. Lilitundikwa juu ya mfereji uliokuwa mkavu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi. Jingine lilikuwa na picha ya tunda jekundu, na Denge, mpakaji chumvi, aliuliza kama ile ilikuwa nyanya ya Wazungu. Aliambiwa kwamba ni tufaha na kwamba linaimarisha mwili. "Basi walete moja tulione," akasema, "tuimarike kwa kuliangalia."

Upimaji wa uzito ulifanyika kwenye mizani ya ngozi, kwa kuwa ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Mpimaji wetu, kwa mazoea ya miaka mingi, alimpunguzia kila mfanyakazi kilo mbili za chumvi na uchafu. Kamati ilipoona takwimu hizo, iliandika Nairobi kwamba mazoezi ya asubuhi yamekwisha kuondoa mafuta ya ziada mwilini mwa wafanyakazi. Nairobi ilijibu kwa pongezi.

Mambo hayo yalituchekesha na hayakumdhuru mtu. Jambo la ubao lilikuwa tofauti.

Tarehe 1 Juni 1982 ubao mkubwa mweupe ulisimamishwa langoni, ukiwa na maandishi SIKU BILA MGONJWA na nafasi ya namba. Makao makuu yalikuwa yameanzisha shindano baina ya maghala. Ghala la kwanza kufikisha siku mia tano bila mfanyakazi yeyote kukosa kazi kwa ugonjwa lingepewa Kombe la Afya, na wakubwa wangekuja wenyewe kulikabidhi, pamoja na fahali wanne wa kuchinjwa. Mtu mmoja akilala nyumbani kwa homa siku moja, namba ingerudi sifuri.

Hatukuacha kuugua. Tuliugua kazini. Mwenye malaria alikuja amejifunika koti na kutetemeka nyuma ya marobota, huku wenzake wakimpangia ngozi zake. Mwenye kuhara alipewa kazi karibu na choo. Chumba cha huduma ya kwanza, chenye kitanda, kabati na beseni, kilifungwa kwa kufuli, kwa sababu Kamati iliona kwamba chumba cha wagonjwa kilicho wazi huwapa watu wazo la kuugua. Bi Habsa, dresa wetu wa kutibu vidonda, mwenye cheti, alipangiwa kazi ya kufuta vumbi kwenye mabango. Aspirini alizifunga kwenye pindo la leso na kuwagawia watu wakati wa chai kama mtu anayetoa peremende.

Na ikumbukwe kwamba hakuna aliyelazimishwa. Sisi wenyewe tulilindana, na kulindana kwetu kulikuwa kwa kutishana. Aliyekohoa aliulizwa, "Wewe, unataka kutukosesha fahali?" Kufikia mwezi wa Septemba 1983, mtu aliyeumwa aliwaogopa wenzake kuliko alivyomwogopa Meneja.

Siku ya mia nne themanini na tano, Jumatano, ngozi zilifika kutoka magharibi ya wilaya. Katika mzigo huo Mzee Galma aliikataa ngozi moja kabla hata ya kuifungua. Aliinusa, akaipiga muhuri, akaamuru ichomwe. Lakini ilikuwa tayari imebebwa kutoka kwenye lori hadi mezani, na aliyeibeba begani, mikono wazi, alikuwa Denge.

Jumanne iliyofuata, tarehe 4 Oktoba, ubao ulisomeka 491. Denge alikuja kazini amevaa sweta. Kila anayeujua mji wa Isiolo mwezi wa Oktoba anajua kwamba mtu havai sweta saa nne za asubuhi ila ana jambo. Mzee Galma alimwita mezani, akamwambia apandishe mkono wa sweta. Denge alikataa. Mzee Galma akasubiri, kama anavyowasubiri wafanyabiashara, mpaka Denge akapandisha.

Chini ya kiwiko cha kushoto palikuwa na kidonda cha ukubwa wa shilingi, cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika, na mkono umevimba kukizunguka.

"Hakiumi hata kidogo, Mzee," Denge alisema. "Ni mdudu tu. Kingekuwa kibaya kingeuma."

"Kingeuma ningekuacha uende zako," Mzee Galma akamjibu.

Kilikuwa kimeta, ambacho kidonda chake hakiumi. Wafugaji wanaujua ugonjwa huo. Humtoa ng'ombe damu puani na kumwangusha siku hiyo hiyo, na ukiingia kwenye damu ya mtu bila kutibiwa humwua. Mzee Galma alimwambia Denge aende hospitali papo hapo. Denge, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na mke aliyeolewa mwezi mmoja tu uliopita, alitazama nyuma yake. Watu wa chumvi walikuwa wameacha kazi na walikuwa wakimwangalia.

"Siku tisa, Denge," mmoja wao akasema. "Tisa tu, ndugu yangu. Fanya mkono ni wa mtu mwingine."

"Umesikia, Mzee," Denge akasema. "Nikienda leo, nitaishi na nani katika mji huu? Mpaka watoto wangu wataitwa watoto wa aliyewakosesha watu fahali."

Mzee Galma alikwenda ofisini. Meneja alimkaribisha, akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akasikitika kwa dhati. Bwana Abshir si mtu mbaya, na tunayaandika haya kwa idhini yake. Alieleza kwamba kwa mujibu wa faili la kijani mgonjwa ni mtu aliyelala kitandani, na kwamba Denge alikuwa amesimama. Aliahidi kwamba tarehe 13, mara tu wageni watakapoondoka, angempeleka hospitali yeye mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe, hata kama ni usiku. "Avumilie kidogo, Mzee wangu. Tumetoka mbali."

"Kimeta hakina kalenda," Mzee Galma akasema, akainuka.

Alirudi mezani. Denge alikuwa bado amesimama pale pale, kwa kuwa hakujua aende wapi. Mzee Galma akaukamata mkono wake wa kulia, ule mzima, akachovya muhuri kwenye wino na kuupiga juu ya mshipa wa kifundo, kwa nguvu, mara moja, kama anavyopiga ngozi isiyofaa kabisa. Kisha akamshika bega na kumpeleka langoni.

Kilichotokea langoni kimesimuliwa kwa namna nyingi, na nyingine si za kweli. Ukweli ni kwamba Bwana Dahir alimwuliza Denge kama ana ruhusa ya ugonjwa, na Denge akasema kwamba hana. Bwana Dahir akasema kwamba basi hatoki. Mzee Galma akauinua mkono wa Denge na kuuonyesha. Bwana Dahir akausoma muhuri. Akageuka akaisoma sheria ya saba ukutani, herufi kwa herufi, ingawa alikuwa akiijua kwa moyo. Akafungua lango lote, mabawa mawili, kama linavyofunguliwa kwa lori.

Watu wa chumvi walikuja mbio. "Dahir! Wewe! Huyo ni mtu!"

"Sheria imesema kitu chochote," Bwana Dahir akasema. "Mtu si chochote? Angekuwa Meneja mwenyewe na ana muhuri huu, angelala nje."

Meneja naye alitoka. Alisimama chini ya ubao, akamtazama Denge, akautazama muhuri, akaitazama sahihi yake mwenyewe pale ukutani. Tuliokuwepo tuliona uso wake ukifanya hesabu, na tuliona ulipofika kwenye jibu. Kitu kilichokataliwa si mgonjwa. Kitu kilichokataliwa hakiko kwenye orodha ya wafanyakazi. "Endelea, Dahir," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshushwa mzigo. Denge alipandishwa kwenye pikapu ya ngozi mbovu, Mzee Galma akapanda nyuma pamoja naye, na badala ya kwenda kwenye shimo la kuchomea, dereva aliambiwa apitie hospitali.

Walifika saa sita kasoro. Daktari alimdunga Denge sindano ya penisilini pale pale kwenye benchi kabla ya kumwuliza jina. Alisema kwamba uvimbe ulikuwa umeanza kupanda kwapani, na kwamba huyu angeletwa baada ya siku mbili, yeye daktari asingekuwa na kazi ya kufanya. Kisha akaiona ile zambarau kwenye mkono wa kulia, akataka kujua nani amemkataa mgonjwa wake. Mzee Galma akamwambia kwamba ni utaratibu wa afya wa Kampuni.

Denge alilala hospitali siku kumi na mbili. Katika daftari la siku hiyo la Ghala imeandikwa, na bado inasomeka: "Kipande kimoja, kimekataliwa, kimetolewa."

Tarehe 13 Oktoba ubao ulifika 500. Wakubwa walikuja kutoka Nairobi na Kombe, fahali wanne wakachinjwa, na hotuba ilisema kwamba Isiolo imeionyesha nchi kwamba ugonjwa ni tabia. Sahani ya Denge ilipelekwa wodini na Bi Habsa. Mkubwa mmoja, alipomwona Mzee Galma na mvi zake, alimwuliza siri ya afya ya wafanyakazi wetu. "Kuugua ni marufuku, bwana," Mzee Galma akamjibu. "Kwa hiyo hatuugui. Tunaoza tu kidogo kidogo, na tukioza sana tunatolewa." Mkubwa alicheka sana. Meneja alipiga makofi.

Yaliyofuata hayakupangwa na mtu yeyote, Kamati ikiwemo. Jumatatu asubuhi mtu mmoja wa marobota alisimama mbele ya meza ya ukaguzi, amekunja mkono wa shati. "Mzee, nipige muhuri. Kichwa kinanipasuka." Mzee Galma alimgusa paji la uso, akaona kweli lina moto, akampiga. Kesho yake walikuja watatu. Yule aliyemwambia Denge afanye mkono ni wa mtu mwingine alikuja wiki ya pili, na jino. Mzee Galma aliwakagua wote kwa makini yale yale, na waliojifanya wagonjwa aliwarudisha kazini wakiwa wameandikwa daraja la pili kwa chaki mgongoni. Ubao uliendelea kupanda: 520, 560, 600. Hakuna mgonjwa hata mmoja.

Kufikia mwezi wa Machi 1984 vipande arobaini na vitatu vilikuwa vimekataliwa, kutolewa na kupokelewa tena. Hapo ndipo makao makuu yalipoandika barua kali, ambayo nakala yake imo ofisini. Nairobi ilitaka maelezo ni kwa nini ngozi zinazokataliwa Isiolo zimeongezeka kiasi hicho, kama wakaguzi wanalala, na kama ghala linafaa kuendelea kuwapo. Jambo la watu lilikuwa halijamshtua mtu huko kwa miaka miwili. Jambo la ngozi liliwashtua kwa posta moja.

Bwana Abshir alikabiliwa na uchaguzi mgumu: aeleze kwamba zile zilikuwa ngozi, apoteze kazi, au aeleze kwamba walikuwa watu, apoteze Kombe. Alikaa na barua hiyo siku mbili. Siku ya tatu alimwita Mzee Galma, wakaiandika barua ya kujibu pamoja. Kombe lilirudishwa kwa treni ya mizigo kutoka Nanyuki. Ubao uling'olewa, na mbao zake zimetumika kutengenezea rafu katika chumba cha huduma ya kwanza, ambacho kilifunguliwa wiki hiyo na kukabidhiwa tena kwa Bi Habsa. Kabla ya mwaka kwisha tulikuwa na glavu, aproni za mpira, tangi la maji, na sabuni penye mfereji. Tangu wakati huo ngozi ya mnyama aliyejifia haishushwi kutoka kwenye lori, achilia mbali kubebwa begani. Taarifa ya Kamati inayaita hayo mafanikio ya Kamati, nasi hatutabishana nayo katika siku ya sherehe.

Siku ya Ijumaa Kamati itampa Mzee Galma cheti cha kutokosa kazi kwa ugonjwa hata siku moja katika miaka kumi na tisa. Ni wajibu wetu kusahihisha. Alilala na malaria mwaka 1985, na nimonia mwaka 1987 kwa majuma matatu, na siku hizo zimeandikwa daftarini kwa neno lake lililo sahihi, yaani mgonjwa. Cheti hicho tunamshauri akipokee kwa adabu na akitumie kumfungia mama watoto, Bi Abiba, sukari.

Anarudi Sericho kwa ngamia zake. Denge, ambaye leo ni msimamizi wa sehemu ya chumvi, atamtolea mtamba mwekundu, na ameomba tumtaje mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa 1984 na kupewa jina la Galma. Mtoto huyo ana miaka mitano, na mama yake anasema kwamba kila anapoamrishwa kwenda dukani tumbo humwuma.

Mzee Galma, wafanyakazi wote wa Ghala tunakushukuru. Tunakuombea kwa Mwenyezi Mungu umri mrefu, malisho, na mvua za wakati wake. Na siku utakapougua, maana utaugua, ugua waziwazi, kitandani kwako, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, na watu wakijua.